Mgeni wa Kulipa na Mgeni wa Jembe

Ukienda Salamanca kusoma Kihispania na ukapangiwa kukaa na familia ya wenyeji, unapewa karatasi kabla ya funguo. Imeandikwa milo ya siku, siku ya kufuliwa nguo, muda wa kuoga maji ya moto, na kama rafiki yako anaruhusiwa kuingia. Fomu ilishaniuliza mapema nisichokula, nikajaza nguruwe. Nilipofika, dengu zangu zilipikwa sufuria ya pembeni bila soseji, na habari hiyo haikuzungumzwa tena.

Mimi ni wa Ruangwa, kusini mwa Tanzania, na sekondari nimesoma Nachingwea. Kwetu karatasi haipo. Mama anampigia simu kaka yake: "Mpwa wako kafaulu, anakuja." Kwa sisi Wamwera, ambao ukoo tunaufuata kwa mama, mjomba hana pa kukatalia. Unashuka kwenye gari na godoro, ndoo, kiroba cha unga wa muhogo na mbaazi. Shikamoo zikiisha unaonyeshwa pa kulala, na wala hungoji siku ya tatu kupewa jembe. Ikifika Oktoba, korosho zinaanza kudondoka: ukitoka shule unaingia mikorosheni kuokota, kuzitoa kwenye mabibo na kuanika.

Asiye na ndugu mjini anapanga geto: chumba karibu na shule, jiko la mkaa, wanafunzi wawili watatu. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa 2016, lakini kodi ya chumba iko palepale. Binti wa miaka 14 anajipikia na kujifungia mlango mwenyewe, na wanaume wa mtaa wanajua humo ndani hamna mtu mzima.

Salamanca chakula cha mchana kinaliwa saa nane au saa tisa, cha usiku saa tatu na kuendelea. Katikati ya hapo, wakati wa baridi, maisha yako kwenye meza ya duara yenye kitambaa kizito kinachofika sakafuni. Chini yake kuna hita. Unaingiza miguu, unajifunika kitambaa hadi mapajani, unafungua daftari. Mama mwenye nyumba anatazama taarifa ya habari na kubishana na televisheni, nawe unaokota maneno. Nilipobeba sahani kwenda kuosha, aliichukua mkononi mwangu: "Wewe kasome."

Ndivyo mkataba ulivyosema, naye aliutimiza. Ila jikoni nilikuwa sina kazi, basi lugha ya jikoni ikanipita. Niliweza kueleza kwa Kihispania kwamba Namungo ni timu ya Ruangwa na inacheza Ligi Kuu, lakini mwiko sikujua unaitwaje. Kimakua sikukisoma darasani hata siku moja, nacho nilikipata Nachingwea kwa kutumwa. Mke wa mjomba ni Mmakua, na alipokuwa na haraka Kiswahili kilimpotea, akaniagiza kwa Kimakua: kachote, funika, geuza, leta. Ukikosea unarudishwa. Hakuna mwalimu wa Salamanca aliyenisahihisha haraka vile.

Nachingwea yenyewe imezoea wageni wa jembe. Wapiganaji wa Frelimo waliweka kambi Farm 17, kwenye ardhi ya ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947. Huko walifanya mazoezi ya kijeshi na kulima, mpaka Msumbiji ikapata uhuru 1975.

Lakini jembe lisilo na saa nalo linaua. Kwa mjomba hakuna aliyenipokonya sahani nikasome. Kazi ziliisha usiku, na ukifungua kitabu unaambiwa uzime taa, watu wanalala. Nimeona wenzangu wenye akili kuliko mimi wakipata sifuri kwa sababu jioni zao zote zilikuwa za mwenye nyumba. Tunasema mtoto anakaa bure kwa ndugu. Ukweli ni kwamba yeye ndiye analipa, tena kwa muda wake wa kusoma.

Kwa hiyo, wewe unayekwenda Salamanca, wiki ya kwanza omba umenye viazi vya kimanda. Sema unataka kujifunza, watakuelewa. Na wewe mama wa Mbekenyera au Kilimarondo, unapompigia kaka yako usiishie kwenye "mpwa wako anakuja." Mwambie kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu usiku mtoto anasoma. Mwambie ukiuza ufuta utatuma kiasi gani cha mafuta na sabuni. Si kumkosea adabu. Naye aseme anachotaka kwa mtoto: maji asubuhi, kuni Jumamosi, korosho zikiiva. Mkishakubaliana, mwiteni mtoto naye asikie.