Matanga ya Wasio na Majina

Msiba wa kwetu huanza na jina. Simu inaita usiku, mtu anamtaja marehemu, na papo hapo mambo yanajipanga: nani apigiwe, turubai lifungwe wapi, nani ashike daftari la rambirambi. Jina likishatajwa, machozi yanajua pa kwenda. Lakini mtu uliyezungumza naye miaka na miaka bila kujua jina lake, sura yake wala mkoa wake, akinyamaza, utamlilia vipi? Na utajuaje kama kuna cha kulilia?

Nawaza haya kila ninapopita JamiiForums, jukwaa ambalo Watanzania wengi wa rika langu waliliingia wakiwa na kiu ya kusema na woga wa kusema. Lilianza mwaka 2006 kwa jina la JamboForums, kazi ya Maxence Melo na Mike Mushi, likachukua jina la sasa mwaka 2008. Siku zile intaneti ilinunuliwa kwa nusu saa, kwenye vibanda vyenye feni moja na kibodi zilizofutika herufi. Kebo ya kwanza ya baharini ilikuwa bado haijatia nanga Dar es Salaam. Ilifika mwaka 2009. Ukurasa ulishuka taratibu, mstari baada ya mstari, ukakupa nafasi ya kujiuliza kama kweli unataka kusoma kinachokuja.

Kila mtu aliingia na jina la kujitungia. Huyu alijiita mnyama, yule mto, mwingine kiongozi aliyekufa zamani. Ukiandika "Wakuu, naomba msaada," wakuu walikuja. Wote walikuwa wakuu: mhadhiri, kondakta, mwanafunzi wa kidato cha nne, na hakuna aliyejua nani ni nani. Katika nchi ambayo mazungumzo hayaanzi mpaka umri wa mtu upimwe kwa shikamoo, hilo lilikuwa jambo la ajabu, na nadhani hatukulishangaa vya kutosha. Kijana aliweza kumkosoa babu yake mzaa baba, babu akajibu kwa hasira, kisha jioni wakala sinia moja, kila mmoja akitabasamu peke yake kwa jinsi alivyomkomesha mpuuzi fulani wa mtandaoni.

Pazia lile halikuwa la mchezo. Februari 2008 waasisi wawili walikamatwa, kompyuta zikachukuliwa, jukwaa likazimika kwa siku kadhaa. Desemba 2016 Melo alikamatwa tena akafikishwa mahakama ya Kisutu, na miongoni mwa mashtaka lilikuwamo hili: kukataa kuwapa polisi taarifa za wanachama wake. Nilikuwa miongoni mwa maelfu waliokuwa nyuma ya pazia hilo. Mtu alilala mahabusu ili nisijulikane, mimi ambaye sikuwa nimeandika lolote la maana zaidi ya kubishana kuhusu bei ya sukari. Je, ninayo haki leo ya kutamani kuyajua majina ambayo mwenzetu aliteswa na kesi ili yasijulikane?

Kilichowaficha wale watu wasikamatwe ndicho kilichowaficha wasiombolezwe.

Mwaka 2018 zilikuja kanuni za maudhui ya mtandaoni, pamoja na ada za leseni zilizozidi shilingi milioni mbili. Juni mwaka huo jukwaa likafungwa kwa takriban wiki tatu. Septemba 2025 leseni yake ikasitishwa kwa siku 90. Ingekuwa rahisi kusimulia hadithi yote hivi, kwamba serikali ndiyo iliyotunyamazisha, tukamaliza, tukajipangusa machozi. Siiamini. Kila lilipofunguliwa tena watu walirudi, na kelele zao zilikuwa zile zile. Kilichopunguza sauti ninazozijua kilikuja kwa upole zaidi, kikiwa mfukoni. Hakuna aliyetufukuza. Tulihama wenyewe, mmoja mmoja, kwenda WhatsApp, kwenda Facebook na Instagram, kule ambako shangazi yupo, mkuu wa kazi yupo, na kila neno limefungwa kwenye namba ya simu.

Na mahali pengine palifungwa kwa sababu ya ulimi wa wenyeji wake. Wakenya walikuwa na Mashada, mojawapo ya majukwaa yao makongwe. Januari 2008, damu ikimwagika baada ya uchaguzi, maneno ndani yake yakawa makali kiasi kwamba mwenyewe, David Kobia, aliamua kulifunga, akafungua badala yake ukurasa wa watu kuandika kwamba hawana kabila. Huwa najiuliza alibonyeza kile kitufe akiwa na moyo gani. Kuzima kitu chako kwa sababu kimeanza kufanana na walio ndani yake.

Nasema haya nisije nikaupamba wakati uliopita. Hata kwetu matusi yalikuwapo, na uzushi, na wanawake waliochoka mapema wakaondoka kimya, au wakabaki kwa majina ya kiume. Si kila kilichopotea kilistahili kudumu.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja upande wa magari. Sitataja jina lake la jukwaani, ingawa sijui ninamlinda na nini. Alikuwa anajibu usiku wa manane. Mtu akiandika kwamba gari lake linachemsha mlimani, yeye hakukimbilia kujibu. Aliuliza. Maji yanapungua na huoni yanapovujia? Moshi ni mweupe? Ukifungua kifuniko cha oili asubuhi, unaona utando wa rangi ya maziwa? Kisha alieleza gasketi ya silinda hedi ni nini na hufa vipi, kwa nini fundi fulani atakudanganya kuwa ni rejeta tu, na alimaliza kila mara kwa onyo lile lile: usifungue rejeta ikiwa ya moto, mkuu, nimeona watu wakiungua. Hakuuza kitu. Hakusema njoo ofisini. Alifanya hivyo kwa miaka, kwa watu ambao wengi wao hawakurudi hata kusema ahsante.

Halafu akanyamaza. Hakugombana na mtu, hakuaga. Ukurasa wake unaonyesha tarehe aliyoonekana mara ya mwisho, basi. Kwenye baraza la mtaani mzee asipoonekana siku mbili, mtoto anatumwa akamgongee. Huku atumwe nani, na mlango uko wapi? Huenda alipata kazi Muscat. Huenda alichoka na sisi. Huenda alifariki, na waliomzika hawakujua kwamba kuna wageni aliowadai shukrani. Katika ukurasa ule, kufa na kusahau nywila vinafanana kabisa.

Mara kwa mara mtu hufukua uzi wake wa zamani. "Mkuu, bado upo? Langu nalo limeanza hivyo hivyo." Swali linakaa pale. Naligundua jambo ambalo wakati ule sikuliona: kila jibu lake lilikuwa na wapokeaji wawili. Wa kwanza ni yule aliyeuliza. Wa pili ni mtu ambaye alikuwa bado hajapata leseni ya udereva, atakayepita njia ile miaka minane baadaye, usiku, gari likiwa limemzimikia. Yule mtu aliwaandikia wote wawili bila kujua kama wa pili yupo. Tunaiitaje imani ya namna hiyo? Na tunaiweka wapi sasa?

Makundi ya WhatsApp hayana mtu wa pili. Nimo katika makundi mengi kuliko ninavyoweza kusoma, na swali lile lile huulizwa kila baada ya wiki chache, likajibiwa vizuri, likazama chini ya picha za harusi na dua za Ijumaa. Tumekaribiana mno. Najua nani amejifungua, nani anauguliwa, nani anachangiwa. Akifa mmoja wetu, jina litatajwa kabla ya saa moja kupita. Ni jambo jema, silikatai. Ila mgeni haingii humo. Na mimi, kwa kweli, ninammisi mgeni.

Hata maneno yaliyobaki yanaliwa polepole. Watu duniani kote walikuwa wakihifadhi picha za majukwaani kwenye maghala ya bure, hadi mwaka 2017 Photobucket ilipotaka dola 399.99 kwa mwaka kwa yeyote anayetaka picha zake zionekane katika tovuti nyingine. Mijadala isiyohesabika ikapofuka mara moja. Maelezo yapo: tazama mshale mwekundu. Mshale haupo. Yahoo Groups nayo iliamua mwaka 2019 kufuta mabandiko ya karibu miaka 20, ikafunga kabisa Desemba 2020. Tulidhani tumeandika kwenye jiwe. Mwenye jiwe alikuwa akilipa kodi ya pango, siku moja akachoka kulipa.

Au huenda hiki si kilio cha jukwaa hata kidogo. Huenda ni umri wangu unaolia kwa sauti ya jukwaa. Usenet, mzee wa majukwaa yote haya, ilibuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani. Kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo vikuu waliingia, wakavuruga, wenyeji wakawafundisha adabu, mambo yakatulia. Kuanzia mwaka 1993 wageni wa nje ya vyuo wakaanza kumiminika bila kukoma, na wenyeji wakasema Septemba hiyo haijaisha mpaka leo. Walilia kabla sisi hatujajua kuwasha kompyuta. Na mimi nilipoingia JamiiForums, sentensi niliyoikuta mlangoni ilikuwa hii: JF siyo ile ya zamani. Ile ya zamani ilikuwa lini, basi? Yupo aliyewahi kuishi ndani yake akijua kwamba ndiyo hii?

Hata mabandiko ya huyo mzee, Usenet, yalikuwa yakisomeka kupitia Google, hadi Februari 2024 ilipokoma kupokea mapya. Mwezi huo huo ilitangazwa kwamba imekubaliana na jukwaa la Reddit kutumia mazungumzo ya watu wake kuifundishia mashine. Sasa nikiwa na swali la gari, naiuliza mashine, na inanijibu kwa upole ambao hakuna mwanajukwaa aliyewahi kuwa nao. Inaniuliza hata kuhusu moshi mweupe. Inanishtua kidogo. Amejifunza kwa nani huyu? Maneno ya watu wangapi waliokesha yamesagwa humo mpaka hayana tena mwenyewe? Na jibu linabaki kati yangu na yeye. Hakuna anayepita nyuma akalisikia.

Wakati mwingine nafikiria kuanzisha uzi: tuwakumbuke walionyamaza. Kila mmoja aandike jina la kubuni la mtu anayemmisi. Halafu nasita. Nani kasema walitaka kukumbukwa? Walichagua majina ambayo mtu anaweza kuyavua na kuyaacha mlangoni. Pengine uhuru waliokuja kuutafuta ulikuwa pamoja na huo, wa kuondoka bila kuulizwa unakwenda wapi.

Tena watu hubadili majina. Yule wa magari huenda yupo bado, ana akaunti mpya tangu zamani, na ndiye yule ninayebishana naye kwenye siasa kila jioni, ananiita mjinga na mimi namwita kibaraka, na juzi niliwaandikia wasimamizi wamfungie.