Waosha Motokaa wa Njia Panda ya Himo

Ukitoka Moshi kwa barabara kuu iendayo Dar es Salaam, baada ya nusu saa hivi wafika Himo. Hapo njia zagawanyika: moja yashuka Mwanga na Same, moja yaenda Holili mpakani mwa Kenya, na nyingine yapanda Marangu na Rombo. Upande wa mlima ndiko Kilema, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misioni mwaka 1890. Lakini mgeni ashukaye Himo hasikii kengele kwanza, husikia honi.

Motokaa hapa hazikosekani, nazo ni chafu: nyingine zina vumbi la tambarare, nyingine tope la masika. Ungedhani kijana mwenye ndoo na dodoki hawezi kulala njaa. Sivyo, kwani nyingi zapita tu.

Nalikuta vijana watatu nyuma ya gereji moja. Kwanza walikuwa wakioshea magari mtoni, kama wafanyavyo wengi nchini. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za namna hiyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na ni haki, maana mafuta na sabuni huwafikia watu wa bondeni wachotao maji hayo hayo. Basi wakahama, wakakodi kiwanja, wakachimba shimo la maji machafu, wakanunua pampu kwa mkopo. Kumbe wateja hawakuhama nao! Dereva alikijua kivuko, wao hakuwajua. Na mkopo hulipwa kila mwezi, gari lije lisije.

Majuma mawili walisimama barabarani wakipunga vitambaa. Walipata jua tu. Ndipo wakajiuliza: ni magari gani yanayolala hapa hapa? Wakaenda stendi jioni, kwa madereva wa magari ya abiria ya Marangu na Rombo.

"Shikamoo, baba. Tukuoshee ndani tu. Usipopendezwa, usilipe."

"Marahaba, wanangu. Lakini redio yangu nitaikuta?"

Hapo ndipo penye neno. Mzee yule hakuogopa bei, aliogopa mikono. Wakanunua daftari. Gari likiingia huandika namba yake, redio, jeki, tairi la akiba, hata sarafu zilizomo, na mwenyewe huangalia kabla ya kuondoka. Siku moja walikuta bahasha ya fedha chini ya zulia, abiria ameiangusha. Waliiandika, wakamkabidhi dereva mbele ya wenzake. Kabla ya usiku stendi nzima ilikuwa na habari, na kesho yake magari manne yalikuja bila kuitwa.

Kazi yenyewe wanaijua. Huosha kivulini, kwa kuwa jua hukausha sabuni na kuacha madoa. Huanza juu na kumalizia magurudumu, yenye ndoo yake, ili mchanga usikwaruze rangi. Sabuni ya unga ya nguo hawaitumii, huondoa mng'ao. Sasa Jumamosi hupata na magari ya harusi, kwa kuwa madereva wale wale ndio huulizwa na wenye arusi, "Gari lako laoshwa wapi?"

Mwezi wa Desemba ndio mavuno. Wachagga walioko mbali hurudi kula Noeli nyumbani, na njia ya mlimani hujaa motokaa kubwa kubwa zilizotoka Dar es Salaam. Mdogo wao ataka bei iongezwe mara mbili siku hizo, alipe mkopo mara moja. Mkubwa akataa: ajaye Noeli huja tena Pasaka, na msibani, naye huuliza bei ya mwaka jana. Mimi namwunga mkono mkubwa, ingawa si mimi ninayedaiwa. Nilipopanda gari la Marangu walikuwa bado wakibishana, na mdogo ameshika kalamu apiga hesabu nyuma ya daftari.