Wapenzi wa Motokaa na Vipimo Vyao

Wapenzi wa motokaa wana tabia moja kila mahali. Huijua sauti ya injini kama mchungaji ajuavyo sauti za ng'ombe wake, huweza kukuambia mwaka wa kuundwa kwa gari kwa kutazama taa zake za nyuma tu, na hawachoki kubishana. Hapa Kipkelion, mji ambao zamani uliitwa Lumbwa, jamii hii ya watu ni kubwa kuliko udhaniavyo, msomaji. Wamo mafundi wa gereji, wamo madereva wachukuao maziwa, kahawa na abiria, na wamo wengine ambao hawana hata baiskeli, lakini maoni wanayo tele. Nami ni mmoja wao, na nitakayoyasema juu yao nayasema juu ya ndugu zangu.

Tuna sababu ya kujivuna. Joginder Singh, bingwa aliyeshinda mashindano ya Safari Rally mara tatu, katika miaka ya 1965, 1974 na 1976, alizaliwa Kericho mwaka 1932. Mashindano yenyewe yalianza mwaka 1953, na katika nchi nzima hapakuwa na jaribio la gari lililopita lile: vumbi, matope, mawe, na mwendo wa siku nyingi. Ushindi wa kwanza wa Joginder, akiwa pamoja na ndugu yake Jaswant, ulipatikana kwa Volvo PV544 iliyokwisha tumika, gari la mgongo wa mviringo ambalo vijana wa leo wangelicheka. Kumbuka jina la gari hilo, maana nitalirudia.

Ubishi mkubwa wa kwanza katika gereji zetu ni huu: magari ya kale na magari ya siku hizi, yapi bora? Wazee husema kwamba gari la kale lilikuwa chuma kitupu. Ukiligonga teke, mguu ndio uliovunjika. Gari la leo, wasema, ni bati na plastiki; likigusana na ng'ombe, sura yote huharibika. Hoja hii ni tamu kusikia, walakini si kweli. Mwaka 2009 taasisi moja ya Marekani inayochunguza usalama wa magari iligonganisha Chevrolet Bel Air ya mwaka 1959 na Chevrolet Malibu ya mwaka 2009, uso kwa uso, kila moja ikiwa na sanamu ya mtu penye usukani. Lile gari la kale lilijikunja mpaka mahali pa dereva. Mtu wa kweli asingalipona. Katika gari jipya pua yote ilipondeka, lakini chumba cha dereva kilibaki, na sanamu yake ilipata jeraha dogo la mguu.

Ukitaka kujua sababu, fikiri juu ya yai lililotupwa ukutani na yai lililotupwa kwenye rundo la nyasi. Kinachoua ni kusimama ghafula. Mhandisi Béla Barényi wa kampuni ya Mercedes-Benz aliyatambua haya zamani, akabuni gari ambalo pua na mkia wake vimekusudiwa kupondeka ili chumba cha kati kisalimike. Magari ya kwanza yaliyoundwa hivyo yalitoka mwaka 1959. Mwaka huo huo Nils Bohlin, ambaye kabla ya hapo alikuwa akitengeneza viti vya kuwaokoa marubani wa ndege, aliipatia Volvo mkanda wa usalama unaoshika bega na kiuno pamoja. Mojawapo ya magari mawili ya kwanza kuuzwa na mkanda huo ni PV544, gari la aina ile ile aliyoshindia mwana wa Kericho. Kampuni ikaruhusu waundaji wengine wote kuuiga bila malipo. Leo yajulikana kwamba mkanda hupunguza hatari ya kifo kwa wakaao mbele karibu nusu.

Basi mbona abiria wetu huukalia? Ingia katika Probox inayotoka Kipkelion asubuhi, uhesabu vichwa. Gari lina nafasi ya watu watano, nalo limebeba tisa au kumi, dereva ameketi nusu kiti akigawana na abiria, na mikanda imefichwa chini ya matakia ili isimwumize mtu mgongo. Akili yote ya Bohlin imegeuzwa kuwa kikwazo cha makalio.

Jambo la pili lataka uijue nchi yetu. Barabara itokayo Londiani kwenda Muhoroni kupitia Kipkelion na Fort Ternan ni mteremko mrefu, kutoka penye baridi na misitu mpaka penye joto na mashamba ya miwa. Gari zito likiteremka, uzito wake hutaka kulikimbiza, na dereva mwenye haraka hulizuia kwa breki peke yake. Breki hufanya kazi kwa msuguano, na msuguano huzaa moto. Zikichemka mno, nguvu yake hupungua, na dereva hukanyaga bila kupata kitu. Fundi mwema atakuambia uteremke kwa gia ndogo, ukiiachia injini kazi ya kuzuia. Kumbuka pia hesabu uliyofundishwa darasani: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ya kugonga huwa mara nne. Gari la kilometa 80 kwa saa halina hatari mara mbili ya lile la 40.

Tarehe 10 Oktoba 2018, kabla ya mapambazuko, basi lililotoka Nairobi kwenda Kakamega liliacha barabara huko Fort Ternan likabingirika bondeni. Watu zaidi ya 50 walikufa. Wakuu wa usalama wa barabarani walisema kwamba halikuwa na ruhusa ya kusafiri usiku. Walioliona siku ile hawasahau jambo moja: paa lote lilikuwa limeng'oka. Miaka mitano baadaye, tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoteza njia penye makutano ya Londiani likawavamia wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara, na hapo pia wakafa watu zaidi ya 50. Sitaji misiba hii kwa ajili ya pombe. Habari ya pombe inakuja. Naitaja kwa sababu ya umbo la nchi na umbo la magari. Mabasi yetu mengi hayatoki kiwandani yakiwa mabasi. Hutoka yakiwa chasisi, injini na magurudumu, na bodi hujengwa hapa nchini kwa kuchomelea vyuma na kubandika mabati. Kazi ikifanywa kwa uaminifu, bodi hilo huwa kama mbavu. Ikifanywa kwa kubana gharama, huwa kama kopo. Ndiyo sababu Shirika la Viwango la Kenya liliweka kiwango kiitwacho KS 372, kieleze bodi la gari la abiria lijengwe vipi.

Ukitaja viwango na sheria mbele ya wapenzi wa motokaa, utawasikia wakiguna. Serikali, wasema, haijui magari. Mwaka 2004 zilipoanza kanuni za Waziri John Michuki, kwamba kila matatu iwe na mikanda, mstari wa manjano, na kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilometa 80 kwa saa, magari mengi yalibaki nyumbani siku za kwanza na watu wakaenda kazini kwa miguu. Baadaye mafundi fulani wakajifunza kukifungua kidhibiti mwendo na kukifunga tena polisi wakionekana. Nimemsikia fundi akijisifu kwa ufundi huo kama mtu aliyebuni kitu. Si wapumbavu hawa. Hoja yao ni kwamba dereva hodari ajua mwenyewe mwendo umfaao, na chombo cha bati hakiwezi kumzidi akili. Kuna wakati hoja hiyo ina ukweli. Kumpita mtu mbele ya gari linalokuja kwataka nguvu ya injini. Lakini mtu mwenye busara angesubiri asipite.

Sasa tuje kwenye pombe, maana hapo ndipo hoja hiyo ya dereva hodari inapovunjika kabisa.

Mwaka 2011 Kenya ilitunga kanuni za kupima pumzi za madereva, na mwishoni mwa mwaka 2013 vipimo vyenyewe, vilivyopata jina la Alcoblow, vikaanza kuonekana barabarani usiku. Kiasi kilichowekwa ni maikrogramu 35 za kileo katika mililita 100 za pumzi, au miligramu 80 katika mililita 100 za damu, sawa na kiasi kilichowekwa Uingereza mwaka 1967. Walevi wakapata hila: njia za panya, simu za kuonyana, peremende na maji ya limau. Hakuna hata moja ipunguzayo kileo. Kahawa chungu haikipunguzi, wala maji ya baridi kichwani. Ini ndilo lifanyalo kazi hiyo, polepole, saa baada ya saa, nalo halina haraka kwa kuwa wewe unayo.

Kisha, Januari 2017, Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba kanuni zile zilipingana na Sheria ya Trafiki. Tazama kisa hiki vizuri, kwa maana ndicho kiini cha mambo yote. Sheria ilimhesabu mkosaji kuwa dereva aliyelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Kanuni zilimhesabu mkosaji kuwa yeyote aliyezidi kipimo. Wengi katika gereji zetu walishangilia. Walisema, "Tulisema nini? Mtu aangaliwe anavyoendesha, si anavyopumua." Mahakama ilihukumu juu ya maandishi ya sheria, na hiyo ndiyo kazi yake. Lakini wenzangu walidhani imehukumu kwamba mlevi aweza kujipima.

Hapo ndipo ninapoachana nao. Kileo hakianzii miguuni, wala ulimini. Huanzia kule kwenye akili ipimayo hatari na kujionya. Mtu hupoteza hakimu kabla ya kupoteza mkono, ndiyo maana hujiona hodari wakati ule ule anapokuwa mchelevu. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hukata mita 22 kwa nukta moja. Macho na mguu wa dereva vikichelewa nusu nukta tu kwa sababu ya pombe, gari limekwisha kwenda mita 11 kabla hajagusa breki. Mita hizo 11 hazioni. Moyoni mwake hazikuwako.

Na jambo linalonistaajabisha ni kwamba hakuna watu waheshimuo vipimo kama wapenzi wa motokaa. Fundi hakisii oili kwa kuitazama injini. Huchomoa kijiti, hukifuta, hukitumbukiza tena, kisha husoma. Upepo wa tairi hupimwa. Mwanya wa plagi hupimwa kwa kibati chembamba kama ukucha. Ukimwambia fundi, "Tia oili, naona inatosha," atakudhania umerukwa na akili. Kila kitu ndani ya motokaa kina kipimo chake, ila kile kinachoketi penye usukani. Hicho peke yake huulizwa kama ni kizima, na jibu lake hukubaliwa.

Huenda ukaniambia kwamba barabarani kwetu usiku hakuna polisi wala Alcoblow, na kwamba maneno yangu ni ya mijini. Ni kweli hakuna. Basi sikiliza.

Mwaka mmoja tulikwenda arusini upande wa Londiani, jamaa wengi katika gari moja la kukodi. Dereva alikuwa kijana wa ukoo wetu, fundi hodari, mtu ambaye mimi mwenyewe ningemkabidhi gari langu alifungue lote na kulifunga tena. Jua lilipotua akapiga honi tuondoke. Watu wakaanza kupanda. Nyanya yetu, ambaye sote humwita kogo, akasimama penye mlango asipande.

"Kogo, panda twende," kijana akasema kwa adabu. "Mimi ni mzima."

"Umekunywa vikombe vingapi, mjukuu wangu?"

"Viwili, kogo."

Wala hakuwa anadanganya. Usoni ungeona kwamba aliamini ni viwili.

"Nimekaa penye chungu cha busaa tangu saa nane," kogo akasema. "Mimi ndiye niliyekutilia. Ni sita."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alitandika leso yake majanini, mbele ya gurudumu la gari, akaketi. Mjomba mmoja akamsihi, akasema kwamba watoto watapigwa na baridi, kwamba barabara haina magari usiku, kwamba kijana huyu huendesha vizuri hata akiwa usingizini. Kogo akamjibu kwamba kama ni hivyo na alale, tuone. Basi mama mmoja akashuka na mtoto wake. Wa pili akashuka. Kijana alikasirika, akaingia garini akafunga mlango kwa kishindo, na baada ya muda tukamsikia akikoroma. Wenyeji wetu wakatutafutia mablanketi, tukalala sakafuni jikoni, wengine wakinung'unika mpaka usiku wa manane.

Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito. Kijana alikagua maji na oili, akawasha injini, akateremka mlima kwa gia ya pili bila kusema neno. Tulifika Kipkelion saa tatu. Kogo alimlipa nauli yake kamili, akamwongezea ya chai.