Ung'eng'e wa kwenye muvi, na kwa nini semina bado inatupiga chenga

Najua nimeadimika. Ni wiki ya testi, si mnajua tena mambo yake, mtu unakula kimbwetani, unalala kimbwetani. Basi leo nimepata nafasi nikasema isiwe tabu, ngoja niandike jambo ambalo limenikaa kichwani muhula mzima. Ni kuhusu muvi na Kiingereza.

Hapa hosteli tunaangalia muvi kuliko tunavyolala. Kila mtu ana flashi yake imejaa siriz, na ukipita koridoni usiku unasikia sabufa zinaunguruma chumba hadi chumba. Zote za Kiingereza. Halafu saa mbili asubuhi mnaingia semina, mhadhiri anauliza nani ana maoni, darasa zima linaangalia chini kama limepoteza sarafu. Sasa huo ung'eng'e wa usiku umekwenda wapi?

Tuanze na tulikotoka. Wengi wetu tumesoma miaka 7 ya msingi kwa Kiswahili, tukafika fomu wani ghafla kila kitu ni Kiingereza kasoro somo la Kiswahili lenyewe. Na muvi hatukuzisikia kwa Kiingereza hata kidogo. Mitaani kulikuwa na vibanda umiza, na mkanda ulikuwa na sauti ya mtafsiri juu yake. Nani hapa hajasikia habari za Lufufu? Ndugu zetu Wakenya wana DJ Afro wao. Hawa watu ni wasanii kamili, wanatia chumvi, wanampa staa wa Marekani jina la mtaani, mnacheka mpaka mnakosa mbavu. Raha tupu. Ila ukitoka pale umeongeza Kiswahili, siyo Kiingereza.

Chuoni tumezipata zenyewe, na kweli maneno yanaingia. Nilifanya uchunguzi wangu mdogo kimbwetani. Watu walioangalia Prison Break, iliyoanza 2005, na 24 ya Jack Bauer, iliyoanza 2001, ukiwauliza maana ya "hostage", "warrant", "alibi", "parole", wanakujibu kabla hujamaliza. Wengine hawajawahi hata kugusa kitabu cha sheria. Nikabadilisha swali: niambie kwa Kiingereza, kwa heshima, kwamba umeelewa hoja ya mwenzako ila ushahidi wake hautoshi. Hapo kila mtu anaanza kukuna kichwa.

Sababu iko wazi ukiifikiria. Muvi inakufundisha lugha ya kazi wanayoifanya watu waliomo ndani yake. Jack Bauer ana saa 24 za kuokoa watu na bomu linataka kulipuka, hana muda wa diskasheni. Sentensi zake ni amri: shuka, kimbia, weka silaha chini. Ukikaa naye misimu minane utajua kuamrisha na kutisha. Sasa hebu nenda kamwamrishe mhadhiri wako uone kama hutapata sapu.

Kuna kundi jingine linalobana pua. Hawa wamechota lafudhi tu, wanaongea kama wamezaliwa Brooklyn, lakini ukiisikiliza hoja hakuna kitu. Mimi kwa kweli nawashukuru zaidi Wanaijeria. Muvi zao zilituonyesha Mwafrika anayemwaga Kiingereza kwa lafudhi ya kwao, bila kuomba radhi. Ukimwona Nkem Owoh kwenye Osuofia in London ya 2003, mtu wa kijijini anatua London na sauti yake ile ile, unaelewa kwamba mdomo ni wako, utumie.

Basi bwana, nina jamaa yangu tunakaa naye chumba kimoja. Jina nahifadhi. Kwenye testi za kuandika anaongoza, na akikuelekeza takwimu kwa Kiswahili hata ukuta unaelewa. Kwenye semina ni bubu. Alichokuwa anafanya ni kuandika hoja yake kwenye kikaratasi, anamsogezea wa jirani, jirani anaisema, jirani anasifiwa. Semina ile ina alama 10 za kuchangia. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, mimi hapa chuoni nasomea watu." Alisema anacheka, ila hakukuwa na kicheko pale. Ada anachangiwa na ukoo mzima, halafu akili yake inatoka kwa mdomo wa mtu mwingine.

Ndipo tukaanzisha Ijumaa yetu. Watu saba, laptopu moja, sabufa ya kuazima, karanga za kukaanga. Muvi ni za Kiingereza na maandishi ya chini ni ya Kiingereza pia, siyo Kiswahili. Hili ni muhimu, kwa sababu Kiingereza kinaandikwa kivyake na kutamkwa kivyake. Neno kama "debt" unalijua kwa macho tangu fomu wani, ila "b" yake haisikiki, kwa hiyo likipita sikioni unadhani ni jingine. Ukisoma huku unasikia, jicho na sikio vinapatana. Halafu tunaisimamisha muvi mara tatu, kila mara dakika kumi, tunabishana.

Muvi ya kwanza niliipendekeza mimi, 12 Angry Men ya 1957, ya Sidney Lumet. Walinizomea. Nyeusi na nyeupe, haina bunduki, haina mapenzi, dakika 96 karibu zote ndani ya chumba kimoja chenye joto. Nikawaambia vumilieni robo saa tu.

Kwa ambao hawajaiona: kijana anashtakiwa kwa kumuua baba yake. Sheria za Marekani zinawapa wananchi 12 wa kawaida kazi ya kuamua kama ana hatia, na lazima wakubaliane wote. Kwetu jaji ndiye anayeamua, kwa hiyo ilibidi tuanze kwa kuelezana. Wanapiga kura, 11 wanasema ana hatia, mmoja tu anakataa. Huyo mmoja, Henry Fonda, ndiye mwalimu wetu.

Tulipoisimamisha mara ya kwanza, swali lilikuwa hili: huyu jamaa amesema nini hasa? Dada mmoja wa sheria akagundua kwamba hajasema kijana hana hatia. Anasema hana uhakika, anataka waongee. Hilo tu. Anauliza maswali. Mzee shahidi, mwenye mguu mbovu, aliwezaje kufika mlangoni kwa sekunde 15? Yeye mwenyewe anapima hatua chumbani, wanamwangalia saa. Kisu kinachodaiwa hakina mfano wake, anatoa kingine kama hicho mfukoni anakichomeka mezani. Na akiona mwenzake ana hoja, anaikubali. Kura zinahama moja moja, mpaka zinafika sita kwa sita, na muvi bado inaendelea.

Tukaandika kwenye daftari siyo maneno, bali vipande vya kuongelea. "Suppose" ya kuomba watu wafikirie jambo bila kulikubali. "It's possible" ya mtu asiyetaka kudai zaidi ya anachokijua. "Are you sure?" ya kumrudisha mtu kwenye ushahidi wake bila kumtukana. Vyote ni maneno ya fomu wani! Hakuna hata moja lililohitaji kamusi. Jamaa yangu aliangalia lile daftari akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe haya yote ninayo."

Kuna kipande kingine kilitufanya tusimamishe muvi bila kupanga. Mmoja wa wale wazee, mwenye chuki na watu wa mitaa ya kimaskini, anamponda yule kijana kwamba hata Kiingereza hajui. Katika kulisema hilo anakosea sarufi mwenyewe, anaweka "don't" mahali pa "doesn't". Anayemsahihisha ni fundi saa, mhamiaji aliyetoka Ulaya, mwenye lafudhi nzito kuliko wote mle ndani. Chumba chetu kililipuka kwa makofi, mpaka jirani akagonga ukuta. Kila mmoja alikuwa na mtu wake kichwani aliyewahi kumcheka kwa "r" na "l". Tukabishana hapo nusu saa: mtu kujua Kiingereza kunapima nini? Akili? Shule aliyosoma? Mfuko wa baba yake?

Wiki zilizofuata tukaweka sheria. Ya kwanza, huruhusiwi kupinga kabla hujarudia hoja ya mwenzako mpaka yeye mwenyewe aseme ndiyo, umenielewa. Ya pili, ukikwama sema kwa Kiswahili, anayefuata ataigeuza kwa Kiingereza ndipo aongeze lake. Ya tatu tuliipata kwenye The Great Debaters ya 2007, ya Denzel Washington, inayohusu wanafunzi weusi wa Wiley College huko Texas na mwalimu wao Melvin Tolson miaka ya 1930. Muvi inaonyesha wanashindana na Harvard, ila katika historia timu kubwa waliyokutana nayo 1935 ilikuwa ya University of Southern California. Tulichochukua pale ni kwamba kwenye mdahalo unapangiwa upande wa kutetea hata kama huupendi. Basi na sisi tunapiga sarafu.

Sarafu hiyo ndiyo ilileta usiku ambao sitausahau. Tuliangalia Sarafina! ya 1992. Wengi tuliwahi kuiona utotoni kwa ajili ya nyimbo na Leleti Khumalo. Safari hii tukajiuliza wale wanafunzi wa Soweto waliingia barabarani tarehe 16 Juni 1976 kwa sababu gani. Kilichowasha moto ni amri ya kufundishwa nusu ya masomo kwa Kiafrikana. Lugha ya darasani, wadau! Mada ikajileta yenyewe: je, chuo kikuu Tanzania kifundishe kwa Kiswahili? Sarafu ikampa jamaa yangu upande wa kupinga, yaani atetee Kiingereza. Kwa Kiingereza.

Alikaa kimya kama dakika nzima. Halafu akaanza na "suppose". Akasema, tuseme kesho vitabu vyote ni vya Kiswahili, nani atakuwa ameviandika, na mgonjwa atamsubiri daktari mpaka kitafsiriwe? Dada wa sheria akamrudishia: na daktari aliyeelewa nusu kwa sababu ya lugha, huyo mgonjwa atamponya? Wakaenda hivyo, sarufi inaanguka inasimama, akikwama anatupa Kiswahili, mtu anamdaka. Umeme ukakatika, hakuna aliyeinuka. Tulibishana gizani.

Wiki iliyofuata semina alinyoosha mkono. Alisema sentensi tatu. Ya pili ilikuwa na kosa, na mtu mmoja nyuma aliguna. Mhadhiri akamuuliza una uhakika, akajibu hapana, ila takwimu za jedwali la pili zinaonyesha hivyo, na akatoa namba. Kikaratasi hakikwenda kwa jirani siku hiyo. Sitawadanganya kwamba sasa ni mwanasiasa. Semina nyingine bado ananyamaza. Lakini zile alama 10 ameanza kuzila mwenyewe.

Ninachotaka kusema ni hiki. Kubishana tunajua. Nenda kijiweni siku ya Simba na Yanga, usikie watu wanavyotoa takwimu, wanavyouliza maswali ya mtego, wanavyokubali kidogo ili washinde kikubwa. Ule ndio ujuzi wenyewe wa diskasheni, tumeupata kwa Kiswahili bila ada. Tunapoingia semina tunaudharau, tunadhani Kiingereza kitakuja na akili yake mpya. Muvi peke yake itakupa maneno na sikio. Ili ikupe na mdomo, lazima uisimamishe, umgeukie wa pembeni na umwambie wewe unaonaje.

Nisiwachoshe, testi ya Jumatatu inanisubiri. Wenye chumba na laptopu, jaribuni Ijumaa hii: maandishi ya Kiingereza, daftari la vipande siyo maneno, simamisha mara tatu, na yule anayenyamaza siku zote mpeni nafasi ya kwanza. Sisi wiki hii sarafu imenipangia nimtetee yule mzee mwenye chuki wa 12 Angry Men. Kazi ninayo. Mwenye hoja za kunisaidia azilete, na kwa Kiswahili zinapokelewa pia.

Tuonane kimbwetani.