Njia ya kwenda Korogwe

Reli ya Wajerumani ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902. Mkonge ukaifuata: Magunga, Ngombezi, Mazinde, Hale. Huku kwetu Handeni reli haikuja, kwa hiyo tulichopeleka Korogwe ni watu. Babu yangu alikwenda Ngombezi kwa miguu kukata mkonge kwa kipande, akarudi na chumvi, kaniki ya bibi na sururu. Mahindi yake mwenyewe hayakwenda popote. Mwaka wa mvua njema yaliliwa na fukusi ghalani. Mwaka wa ukame, ambao huku kwetu Uzigua hatujawahi kuukosa kwa muda mrefu, chakula kilitoka mbali kwa bei isiyoshikika.

Mimi nilizikuta zama za malori. Kutoka Handeni mjini hadi Korogwe ni kilomita 65, na wakati wa masika ulizimaliza kwa kutwa nzima, pengine ukalala njiani. Abiria tulikaa juu ya magunia, utingo akining'inia nyuma. Kwenye udongo mweusi wa mbuga lori lilizama hadi ekseli, wanaume wakashuka kukata matawi na kuyatandika chini ya matairi, akina mama wakawasha moto wa uji kana kwamba walijua tangu asubuhi kwamba tutafika hapo na kukwama.

Mnunuzi wa mahindi naye alijua. Bei aliitaja yeye, na gunia lilijazwa lumbesa, kilemba cha nafaka kikishonewa juu kwa kamba za mkonge. Baba alinung'unika akakubali. Angekataa, lori lingine lingekuja lini?

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 lami ilifika: kilomita 65 za Korogwe, na nyingine 54 za kwenda Mkata kuungana na barabara kuu ya Chalinze–Segera. Safari ya kutwa ikawa ya saa moja na kitu. Coaster zikaanza kushindana, na sukari ya Handeni ikakaribiana bei na ya Korogwe. Nilifurahi kama wengine, na bado nafurahi. Lakini wanaoeleza maendeleo ya usafiri huishia kwenye lami, na kijiji chetu hakiko kwenye lami. Kiko ndani, upande wa Sindeni, mwendo wa saa nyingi kwa miguu.

Shangazi yangu alishikwa na uchungu usiku wa masika, miaka mingi kabla ya hapo. Walimbeba kwenye kitanda cha kamba, wanaume wanne wakipokezana na wengine wanne. Korongo lilikuwa limejaa. Walikaa ng'ambo hadi maji yalipopungua karibu na alfajiri. Shangazi alipona. Mtoto hakupona. Kilichowakwamisha pale hakikuwa ukosefu wa gari wala dereva. Palikosekana kivuko cha mita chache.

Kilichotufikia sisi hasa ni pikipiki. Kanuni za leseni za mwaka 2010 ziliitambua bodaboda kuwa usafiri wa abiria, na vijana wetu wakaingia kazini. Najua lawama zake, nimewaona waliovunjika miguu wamelazwa Korogwe, na sidhani inafaa kijana yeyote apande bila mafunzo na kofia ngumu. Lakini bodaboda ndiyo iliyopita kwenye njia ya ng'ombe na kuleta mbolea, dawa, mwalimu na mgonjwa. Leo mama akizidiwa kuna namba 115 ya bure, na utaratibu wa kumlipa dereva wa jirani anayemwahisha hospitali. Mahindi nayo yanaulizwa bei Manundu, mjini Korogwe, kwa simu kabla gunia halijafungwa. Baba hakuwahi kuwa na nguvu hiyo.

Serikali inajenga pia barabara kuu ya Handeni–Kiberashi–Kibaya hadi Singida, zaidi ya kilomita 450. Naiunga mkono kwa moyo wote. Ng'ombe na alizeti za bara zitaipata bandari ya Tanga kwa njia fupi. Ila ningependa kila barabara ya namna hiyo iandamane na fungu la vijia vinavyoiingia. Hatudai lami hadi mlangoni. Tunadai daraja mfuto kwenye korongo, makalavati kwenye mabonde mawili matatu, mitaro, na changarawe pale penye utelezi. Kilomita moja ya lami ingelipia kazi za namna hiyo katika vijiji kadhaa.

Gharama ya kuzikosa tunailipa kila mwaka. Mvua ikianza, nauli ya kufikisha gunia kwenye lami hupanda maradufu, na wakati mwingine pikipiki hazipiti kabisa. Mnunuzi wa Korogwe huikata nauli hiyo kwenye bei anayotutajia kwa simu, kabla hajaliona gunia.