Matundu ya USB Hayalingani

Ubavuni mwa kompyuta yetu yamo matundu mawili ya USB yanayofanana kama mapacha, mpaka mtu achungulie ndani. Lenye ulimi mweusi kwa kawaida ni la toleo la 2.0, lililotoka mwaka 2000. Kasi yake haivuki megabiti 480 kwa sekunde. Lenye ulimi wa buluu, au herufi SS pembeni, ni la 3.0 la mwaka 2008: gigabiti 5, zaidi ya mara kumi. Rangi si sheria, wapo watengenezaji wasioifuata. Herufi twaziamini zaidi.

Tofauti hiyo tuliithamini pale diski ya nje yenye sauti ya marehemu baba yetu, darasa zake za baada ya Alasiri, Mwenyezi Mungu amrehemu, ilipoanza kugonga kama saa mbovu. Diski ya namna hiyo haiahidi kesho. Tuliichomeka kwenye buluu, na mama hakuondoka hadi darasa la mwisho liliponakiliwa.

Waya nao utazamwe: ukiwa wa 2.0, hata katika tundu la buluu mwendo utabaki uleule wa 2.0.