Je, Tununue Vyuma Vipya?

Sisi ni wachungaji wawili tuliosoma pamoja chuo cha theolojia, na kila Jumatatu, siku yetu ya mapumziko, tunacheza gofu vibaya. Tunasema vibaya kwa sababu hesabu zipo. Katika uwanja wa Gymkhana, pale katikati ya jiji, mchezaji hodari humaliza mashimo 18 kwa mipigo sabini na kitu. Sisi tunapita 110. Mchezo wenyewe una huruma kidogo: kuna handikapu, yaani mipigo ambayo mchezaji dhaifu hupunguziwa ili aweze kushindana na aliye bora, na tangu mwaka 2020 utaratibu wa dunia nzima unaruhusu ifike hadi 54. Yetu haijafika huko, lakini si ya kujivunia.

Tulianza kwa ushauri wa daktari. Mmoja wetu ana presha, mwingine sukari imeanza kupanda. Mzee mmoja wa usharika, mwanachama wa klabu, akatukaribisha kama wageni wake na kutupa seti yake ya zamani ya vyuma, ambayo tunaitumia kwa zamu. Baadhi yenu mmetuuliza kama gofu ni mchezo wa watumishi wa Mungu. Swali hilo tunawaachia wazee wa kanisa. Lililotusumbua sisi kwa miezi minne ni dogo zaidi: je, tununue vyuma vipya?

Vyuma ni zile fimbo zenye kichwa bapa cha chuma, zenye namba, za kupigia mpira kuelekea shimo. Vya mzee ni vya mtindo wa zamani, vyembamba kama kisu. Ukiupata mpira katikati kabisa, hata mikono haijui kama imepiga kitu. Ukikosa katikati kwa upana wa kidole, vidole vinakufa ganzi na mpira unaishia kwenye manyasi. Siku moja tukaonyeshwa seti mpya. Bei yake shilingi milioni 2 na laki 3.

Historia ya vyuma vya namna hiyo ilitupendeza. Karsten Solheim alizaliwa Bergen, Norwei, mwaka 1911, mtoto wa fundi viatu, akakulia Marekani. Alikuwa mhandisi wa kampuni ya General Electric, na alianza gofu akiwa na miaka 42, umri kama wetu. Kusukuma mpira shimoni kulimshinda. Basi mwaka 1959 akajitengenezea fimbo yake mwenyewe, na kwa kuwa ililia “ping” ikigonga mpira, jina likawa hilo, nalo likawa jina la kampuni yake. Siri yake ilikuwa kuondoa uzito katikati ya kichwa na kuupeleka pembeni, na baadaye akafanya hivyo hata kwenye vyuma. Kichwa cha hivyo hakipindi sana mpira ukigongwa pembeni. Ni chuma kilichobuniwa na mtu anayekosa, kwa ajili ya wanaokosa.

Hapo theolojia ikaingia. Katika Waamuzi 20:16 wanatajwa Wabenyamini 700 wa mkono wa kushoto ambao kombeo lao lilikuwa na shabaha ya unywele. Kitenzi cha Kiebrania cha kukosa shabaha hapo ndicho kinachotumika kwingi kwa kutenda dhambi. Tukajiambia, kumbe chuma kinachomvumilia mkosaji ni mfano wa neema! Ilikuwa hoja nzuri mno. Hoja nzuri mno kutoka kwa mtu anayetaka kitu tunaifahamu, tumeisikia kwenye vikao vingi vya harusi. Na sisi Walutheri tuna sababu ya pekee ya kuogopa kununua kwa fedha kitu kisichonunulika.

Fedha yenyewe haikuwa ya kuchezea. Waumini wetu wengi wanauza bidhaa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, na mtaji wote wa baadhi yao haufiki milioni moja. Sadaka yao tunaijua: noti ya elfu moja iliyokunjwa mara nne. Mishahara yetu inatoka humo.

Basi tukahesabu. Jumatatu tatu mfululizo tuliandika kila mpigo. Katika mipigo 112 ya yule mfupi kati yetu, 43 ilikuwa ya kusukuma mpira karibu na shimo, ambako chuma hakihusiki kabisa. Ya vyuma ilikuwa 31 tu. Jumatatu ya nne tukaazima seti ya mtindo mpya, akapiga 110. Mipigo miwili kwa milioni mbili na ushee!

Yule mrefu habari yake ilikuwa nyingine. Vyuma vya kuazima vilikuwa virefu kidogo, hakulazimika kuinama kama anayepalilia mpunga. Alishuka kutoka 114 hadi 105, na usiku ule mgongo haukumuuma.

Tumehubiri mara nyingi kwamba Daudi aliyakataa mavazi ya vita ya Sauli, na kwa kawaida tunaishia kusifu kombeo. Lakini Sauli alikuwa amewapita watu wote kwa urefu kuanzia mabegani, na Daudi alisema hajavijaribu vitu vile. Hakusema ni vibaya. Baadaye kule Nobu, akiwa amekwisha kuwa mpiganaji, aliuchukua upanga wa Goliathi kwa furaha.

Ilibaki hoja moja. Kijana anayetubebea mkoba alishika siku moja chuma namba 7 cha mzee, akauweka mpira hatua mbili kutoka kwenye bendera. “Baba Mchungaji, chuma hakina shida,” alisema kwa adabu. Hana seti yake. Tukasema, tukinunua vipya, vya zamani vitakuwa vyake. Mwenzake akauliza: kwa nini tungoje kununua ndipo tumpe?

Yule mrefu amepata vyuma vilivyotumika, vyenye uzito pembeni, kwa shilingi laki 6, atalipa kwa miezi mitatu baada ya ada za Januari. Yule mfupi amebaki na vya mzee. Mipira ya kushikia ilikuwa imekwisha, tukazunguka Kariakoo asubuhi nzima hadi tukapata utepe wa kufungia mishikio ya raketi. Kariakoo, kama mjuavyo, jina lake limetokana na kikosi cha wabeba mizigo wa Vita Kuu ya Kwanza, na tulipokuwa tukitembea na utepe wetu tulimkumbuka tena kijana wa mkoba. Vyuma namba 2, 3 na 4, vilivyo vigumu kuliko vyote, sisi hatuviwezi. Tumempa, na anavipiga vizuri.